Maua ya Kukata Penye Mchana wa Saa 12

Maua ya kukata ni yale yanayopandwa ili yavunwe pamoja na vikonyo vyake, yaani vijiti vinavyoshika ua, na kuwekwa majini ndani ya nyumba. Katika bustani za Bugolobi, mtaa wa Kampala unaopakana na kinamasi cha Nakivubo, mkulima hukabiliwa na mambo mawili asiyoweza kuyabadilisha, nayo ni mwinuko wa ardhi na urefu wa siku. Kampala iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali mashamba ya mawaridi ya Naivasha nchini Kenya yako karibu mita 1,900, na tofauti hiyo hudhihirika zaidi usiku: penye baridi, tumba hukua polepole na kujaza petali zake, bali penye vuguvugu mmea huiteketeza haraka sukari uliyoitengeneza mchana, tumba likakomaa mapema na ua likawa dogo. Ndiyo maana mashamba ya Uganda yaliyo kandokando ya Ziwa Viktoria yalijulikana kwa mawaridi yenye vichwa vidogo, na si haki kuilaumu samadi.

Krisanthemumu nayo ni mmea wa siku fupi, maana yake hutoa matumba usiku unapozidi urefu fulani; kwa kuwa usiku wa ikweta hutosha mwaka mzima, mmea huchanua ukingali mfupi, isipokuwa uwashiwe taa usiku kama wafanyavyo wakulima wa biashara.

Ua linalofaa zaidi kwa bustani ndogo ni zinia, ambalo huchanua takriban miezi miwili baada ya mbegu kupandwa. Adui yake mkubwa ni ubwiri unga, ukungu mweupe unaotanda juu ya majani penye hewa nzito, kwa hiyo ni busara kupanda mwishoni mwa Mei au mwishoni mwa Novemba, mvua zinapokaribia kukoma, ili miche iote mizizi katika udongo wenye unyevu na maua yakute hewa kavu. Mche ukifikia kimo cha sentimita 25 hivi hukatwa ncha, nao hutoa matawi ya pembeni yenye vikonyo virefu.

Zinia haliendelei kufunguka baada ya kukatwa, hivyo hupimwa kwanza: kikonyo hushikwa sentimita 20 chini ya ua na kutikiswa taratibu, kikipinda huachwa, kikisimama imara hukatwa, asubuhi na mapema, mmea ukiwa umejaa maji. Majani ya chini huondolewa yasioze na kuzalisha bakteria wanaoziba mishipa ya maji. Chombo kisikae karibu na ndizi za bogoya zinazoiva, kwani hutoa ethilini, gesi inayozeesha maua mengi, na karnesheni hasa husinyaa kabla ya siku zake.