Karatasi ya Zamani Ukutani Ilimnyima Mama Wiki Mbili
Maktaba, blogu, wiki na milisho: vyombo vya kazi kwa mfanyakazi



Mwishoni mwa mwaka 2023 alitujia mama mmoja, mfanyakazi wa usafi hapa Kigali. Alikuwa amejifungua, akapumzika wiki 12, akarudi kazini. Mkononi alikuwa na fotokopi aliyoipata katika chumba cha kusomea: ukurasa wa sheria ya kazi namba 66/2018 ya tarehe 30 Agosti 2018. Pale palikuwa pameandikwa wazi kwamba likizo ya uzazi ni wiki 12. Mwajiri wake hakumwambia lolote zaidi, naye hakuwa na sababu ya kuuliza.

Lakini mwaka huo huo wa 2023 sheria ilikuwa imekwisha kubadilishwa. Likizo ya uzazi ilikuwa wiki 14. Mama yule alipoteza wiki mbili za kukaa na mtoto wake, na wiki hizo hakuna awezaye kumrudishia.

Tungeweza kumlaumu mwajiri peke yake, na lawama yake anayo. Lakini tulipotazama vizuri fotokopi ile tuliona mhuri wetu. Karatasi ile tuliibandika ukutani sisi wenyewe, mwaka 2019, tukaisahau. Hakuna aliyepewa kazi ya kuiangalia tena. Basi makala haya yanaanza kwa kukiri kosa letu, kisha yanaeleza namna ya kulizuia lisitokee tena.

MAKTABA NI MALI YA MFANYAKAZI

Wengi wetu tuliacha shule mapema. Tulichokijua baadaye tulikipata kwa kusoma gazeti la mwenzetu, kwa kuuliza, na kwa kuingia maktaba pale ilipokuwapo. Katika Afrika Mashariki maktaba za umma zilijengwa kwa nia hiyo. Tanzania ilifungua Maktaba Kuu ya Taifa mjini Dar es Salaam mwaka 1967. Kenya ilipeleka vitabu kwa ngamia huko Garissa tangu mwaka 1996, ili wafugaji wasiachwe nyuma.

Kwetu Rwanda safari ilichukua muda mrefu zaidi. Mpango wa Maktaba ya Umma ya Kigali ulianzishwa na wanachama wa Rotary ya Kigali-Virunga mwaka 2000. Jengo lilifunguliwa pale Kacyiru mwaka 2012. Miaka 12 ya kuchangishana, kujenga, kusimama na kuanza tena! Nyamirambo nako kuna kituo cha wanawake kilichoanzishwa mwaka 2007, nacho kina maktaba ya watu wa mtaa. Kwa hiyo hatuwezi kusema hatuna pa kwenda.

Swali ni hili: mfanyakazi anayetoka kazini saa kumi na mbili jioni, na nauli yake ya basi imehesabiwa, atajuaje kwamba maktaba imepata kitu kinachomhusu? Rafu haitembei. Ubao wa matangazo hauna miguu. Hapo ndipo vinapoingia vyombo vitatu tunavyotaka kuvieleza.

BLOGU: GAZETI LA UKUTANI

Wazee wa chama wanakumbuka gazeti la ukutani. Karatasi mpya ilibandikwa juu ya ile ya jana, na kila apitaye alisoma. Blogu ni kitu hicho hicho katika intaneti. Habari mpya hukaa juu, ya zamani hushuka chini, na kila habari ina tarehe yake. Jina lake la kwanza, weblog, lilitungwa na Mmarekani Jorn Barger mwaka 1997. Tangu mwaka 2003 kuna programu ya WordPress ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia bila kuinunua.

Tuzingatie neno tarehe. Fotokopi yetu ya 2019 haikuwa na tarehe ya kubandikwa wala jina la aliyeibandika. Laiti ingekuwa blogu, msomaji angeona kwamba habari ile ina umri wa miaka minne, na pengine angeuliza.

Maktaba ya Ann Arbor, huko Michigan, Marekani, mwaka 2005 iliigeuza tovuti yake yote ikawa blogu. Wakutubi wakaandika habari za vitabu na mikutano, na wasomaji wakawajibu palepale. Jambo kubwa halikuwa mitambo. Jambo kubwa ni kwamba mkutubi alipata sauti, na msomaji naye akapata nafasi ya kumwambia kwamba amekosea.

WIKI: UMUGANDA WA MAANDISHI

Hapa Rwanda wiki haihitaji maelezo marefu. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi tunatoka kwa umuganda. Mmoja ana jembe, mwingine ana panga, mwingine anabeba mawe, na tukiondoka mfereji umepona. Hakuna anayesema mfereji ni wake. Wiki ni umuganda wa maandishi: ukurasa mmoja, wenye kuandika ni wengi, na kila mmoja anaongeza anachokijua au anasahihisha kilichopotoka.

Aliyeitengeneza ya kwanza ni Ward Cunningham, mwaka 1995. Jina alilichukua kutoka Hawaii, ambako neno wiki maana yake ni haraka; alilisikia kwenye mabasi ya uwanja wa ndege wa Honolulu. Wikipedia ilifuata Januari 2001, na ya Kiswahili ikaanza mwaka 2003. Ya Kinyarwanda nayo ipo. Kurasa zake zimeandikwa na watu wa kawaida, wengi wao bila malipo.

Watu huuliza: je, kama kila mtu anaweza kuandika, mwongo naye si ataandika? Ataandika. Lakini wiki hutunza historia ya kila ukurasa. Inaonyesha nani amebadili, lini, na maneno yalikuwaje kabla. Ni kama kitabu cha kumbukumbu za mikutano ambacho kosa hukatwa kwa mstari mmoja, karatasi haichanwi. Mwongo akiandika asubuhi, mchana mwenzetu anarudisha maneno ya kweli.

Kwa maktaba, wiki ni kumbukumbu ya kazi yenyewe. Tunajua maktaba moja ya mji huu, hatutaitaja, ambako mfanyakazi mmoja tu ndiye aliyejua mpangilio wa majarida ya zamani. Alikuwa na mkataba wa miezi sita sita. Mkataba ulipokwisha hakuongezewa, akaondoka na maarifa yake kichwani, kwa kuwa hakuna aliyempa mahali pa kuyaandika. Wenzake walitumia wiki nyingi kutafuta kile ambacho yeye angekionyesha kwa dakika tano.

MLISHO: TARISHI ASIYECHOKA

Chombo cha tatu ndicho kisichojulikana sana, nacho ndicho kingemsaidia yule mama. Kinaitwa mlisho. Kilianza mwaka 1999 katika kampuni ya Netscape. Kazi yake ni ya tarishi. Badala ya wewe kwenda kila siku kwenye tovuti kumi kuuliza kama kuna jipya, programu ya kusomea milisho hupita kwa niaba yako na kukuletea vichwa vya habari mpya tu, mahali pamoja.

Faida yake kwa mtu mwenye bando dogo ni kubwa. Vichwa vya habari havina uzito, na picha na matangazo ya biashara vinaweza kuachwa nyuma. Unasoma kichwa, ukiona kinakuhusu unafungua, ukiona hakikuhusu unapita. Wengine wanatumia milisho bila kujua: vipindi vya sauti vinavyosikilizwa kwa simu husafiri kwa njia hiyo hiyo. Blogu nyingi hutoa mlisho zenyewe, na wiki nayo hutoa mlisho wa mabadiliko ya karibuni.

Lakini tusijidanganye. Mwaka 2005 Google ilileta chombo chake cha kusomea milisho, watu wakakizoea duniani kote, na tarehe 1 Julai 2013 kampuni ikakifunga. Aliyekuwa ameweka kila kitu pale alilazimika kuhama. Fundisho ni kwamba nyumba ya kupanga si nyumba yako. Kila kitu cha muhimu kiwe na nakala yake kwetu, hata kwenye karatasi.

NANI ATAKAYEFANYA KAZI HIYO?

Hapa tunazungumza kama chama. Mara nyingi tumeona chombo kipya kinaletwa kwa sherehe, kisha mzigo unaachwa kwa mtu mmoja wa chini. Mkutubi anaambiwa: kuanzia leo utaandika blogu. Saa zake haziongezwi, wala kazi nyingine hazipunguzwi. Anaandika usiku nyumbani, kwa simu yake na bando lake. Baada ya miezi mitatu blogu inakufa, na yeye anaitwa mvivu.

Sisi tunasema hivi. Kuandika blogu ni kazi. Kutunza wiki ni kazi. Kusoma milisho na kuwapasha wengine habari ni kazi. Kwa hiyo:

Kwanza, saa zake ziandikwe katika ratiba, na gharama ya intaneti ibebwe na mwajiri.

Pili, wafundishwe wote, pamoja na mlinzi na mfagizi wanaotaka kujifunza. Asiwe mmoja tu mwenye neno la siri. Neno la siri la mtu mmoja ni mlango wenye ufunguo mmoja.

Tatu, mambo ya mtu binafsi yasiandikwe. Malalamiko ya mwanachama, jina lake, ugonjwa wake, kitabu alichoazima, hayo si ya blogu wala ya wiki. Mwajiri naye anasoma. Tumeona mtu akipata taabu kazini kwa maneno aliyoandikiwa na rafiki yake kwa nia njema.

Nne, lugha. Gazeti rasmi la Serikali hutoka kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi mwaka 2017, na Biryogo na Nyamirambo wanakisema tangu zamani, pamoja na madereva wa malori na wafanyabiashara wanaovuka mipaka. Lakini habari za sheria hawazipati kwa Kiswahili. Wiki inaweza kuziba pengo hilo: mmoja anaeleza sheria kwa Kinyarwanda, mwingine anaiandika kwa Kiswahili, wa tatu anayejua sheria anasahihisha.

TULICHOANZA KUFANYA

Baada ya habari ya yule mama tulikaa kikao. Hatukununua mtambo wowote. Tuliondoa karatasi zote ukutani, tukazisoma moja moja. Nyingine zilikuwa za kweli bado, nyingine zilikuwa zimepitwa. Tuliloamua ni hili: kila karatasi inayobandikwa iwe na tarehe, jina la aliyeibandika, na siku ya kuangaliwa tena.

Kisha tuliweka zamu. Kijana mmoja wa tawi, anayejua kompyuta kuliko sisi, alituwekea milisho ya tovuti zinazotuhusu. Tovuti zisizo na mlisho tumeziandika kwenye orodha, na kila Ijumaa mwenye zamu anazipitia kwa macho. Kukiwa na jipya, anaandika mistari mitano katika blogu kwa lugha nyepesi, anaichapa, anaibandika. Yule asiye na simu ya intaneti anaisoma ukutani. Asiyejua kusoma anasomewa wakati wa mapumziko.

Wiki tumeanza na ukurasa mmoja tu: likizo. Likizo ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi. Mwanzoni wazee walikataa kuandika, wakisema watachekwa kwa makosa ya herufi. Tukawaambia kwamba katika umuganda hakuna anayecheka jembe butu. Sasa mzee mmoja mpishi ndiye anayesahihisha zaidi kuliko wote, maana anakumbuka mambo ambayo vijana hawajayaona.

Makosa bado yapo. Wiki mbili za mwanzo hakuna aliyeshika zamu, kwa kuwa kila mmoja alidhani ni ya mwenzake. Mara moja tuliandika tarehe isiyo sahihi, tukasahihishwa siku ya tatu. Lakini tumesahihishwa kwa siku tatu, si kwa miaka minne.

WITO

Ndugu msomaji, nenda maktaba iliyo karibu nawe. Muulize mkutubi kama maktaba ina blogu, na kama ina mlisho. Kama hakuna, muulize anahitaji nini ili ianze, kisha ulete jibu lake kwenye mkutano wa tawi. Kama ni mkutubi, usiubebe mzigo peke yako: njoo tuupange pamoja, tuudai muda wake na malipo yake.

Na kabla ya yote, tazama ubao wa matangazo mahali pako pa kazi. Soma tarehe. Kama haina tarehe, ivue ukutani leo, uilete ofisini kwetu tuiangalie.

Mama yule alijifungua mtoto wa kike. Hivi karibuni alikuja ofisini naye, anatembea. Aliusoma ukurasa wa likizo katika simu ya katibu, akasoma tena, kisha akauliza kama anaweza kuongeza neno. Tukamwonyesha pa kubonyeza. Aliandika kwamba mama asirudi kazini kabla ya kuuliza chama. Hatukubadili herufi hata moja.