Mabuda wa Soko: Nani Anafaa Kuwa Menta Wako Ukiwa Migori ama Homa Bay?

Ukifungua simu saa hii, uwe kejani Rongo ama umeketi na mbogi kando ya ziwa Homa Bay, haziishi dakika tano kabla msee wa gari ya kukodi akwambie atakufunza forex. Anataka ngiri kumi za kozi, anakuonyesha skrinshoti za faida, na tayari anakuita familia. Doo yenyewe ni ile umetolea jasho kwa shimo la dhahabu Osiri, ama ni HELB. Ikienda imeenda. Kwa hivyo kabla utume M-Pesa, wacha tupige hesabu ya hawa mabuda wanatajwa kila siku.

George Soros kwanza. Tarehe 16 Septemba 1992 aliweka dau dhidi ya pauni ya Uingereza, akatoka na kama dola bilioni 1. Story tamu. Lakini alikuwa na mabilioni ya kucheza nayo, alikuwa na akina Stanley Druckenmiller wakichambua uchumi, na waliona serikali imeng'ang'ania bei ya pauni ambayo haingeshikika. Wewe uko na ngiri tano na chati ya dakika tano. Omera, hiyo ni kamari imevaa suti.

Jesse Livermore naye walimu wa TikTok wanampenda vibaya. Soko la Marekani lilipoanguka 1929 alikuwa amebet litaanguka, akaomoka na karibu dola milioni 100. Chenye wanaruka ni kwamba kufikia 1934 alikuwa mufilisi, na si mara ya kwanza, halafu 1940 akajiua. Msome, lakini umsome mpaka ukurasa wa mwisho.

Warren Buffett wengi wenu mnasema ni wa wazee. Si uongo, alizaliwa 1930. Lakini hisa za kwanza alinunua akiwa na miaka 11, tatu za Cities Service, dola 38 kila moja. Zikashuka hadi 27, kijana akatetemeka, zilipofika 40 akauza mbio. Baadaye zikapita 200. Wazazi wako waliona hiyo movie hapa Kenya: 2008 Safaricom iliuza hisa kwa bob 5, wengine wakachukua hadi loan wanunue. Bei ikaanguka chini ya bob 3, watu wakatupa. 2021 ikapita bob 40.

Chenye mimi napenda zaidi kwa Buffett ni vile yeye mwenyewe alipata menta. Alisoma kitabu cha Benjamin Graham kilichotoka 1949, kikamwingia, ndio akamfuata Chuo Kikuu cha Columbia. Akaomba kumfanyia kazi bure. Graham akamkatalia! Akarudi Omaha, akaendelea kumsumbua mpaka 1954 akapewa kazi. Na Graham mwenyewe alikuwa amechomeka mbaya kwenye lile anguko la 1929, ndio maana somo lake kubwa lilikuwa nunua kitu chini ya thamani yake, ubaki na nafasi ya kukosea. Huyo ni mwalimu ameonja hasara na hafichi.

Lakini mbona tuende Omaha na Bondo iko hapa tu? Jaramogi Oginga Odinga unamjua kwa siasa. Kabla ya hizo alikuwa mwalimu Maseno, na 1947 akasimamisha Luo Thrift and Trading Corporation. Mtaji aliutafuta akizunguka kuuzia watu wa kwao hisa, hadi wale walikuwa kazini mbali na Nyanza, na kampuni ikawa na mtambo wake wa uchapaji, Ramogi Press. Mtu alimpa pesa akijua kwao ni wapi, na akapata hisa. Linganisha na huyo wa Telegram.

Kama bado forex imekukwama kichwani, panda matatu uende Isebania. Pale mpakani na Sirare kuna wasee wanabadilisha shilingi yetu na ya Tanzania kutwa nzima. Uliza bei ya kununua, halafu ya kuuza. Hiyo pengo katikati ndio mkate wao, na broka wa simu anakula vivyo hivyo, ushinde ama ushindwe. Ila wa Isebania hakukopeshi mara mia ya chenye uko nacho ndio ucheze. Broka anakukopesha, ndio maana bei ikisonga kidogo tu akaunti inalala. 2018 wasimamizi wa masoko Ulaya walisema akaunti 74 hadi 89 kati ya kila 100 za wateja wadogo hupoteza pesa kwa dili za aina hiyo.

Mimi ningeanza na mama wa omena pale Mbita. Anajua uvuvi wa omena ukifungwa Aprili bei itapanda. Anajua mvua ikinyeshea omena kwa nyavu za kuanikia itaishia kwa chakula ya kuku, kwa hivyo haweki mtaji wote kwa mzigo wa siku moja. Mbebee gunia wiki mbili, uone vile anaandika madeni.

Yeyote utakayemchagua, muombe akuonyeshe hasara zake. Akiwa broka ama anashika pesa za watu, tafuta jina lake kwa orodha ya Capital Markets Authority, juu forex ya mtandaoni iko na kanuni zake Kenya tangu 2017. Akikwambia leseni yake ni ya kisiwa fulani, mblock. Na ukitaka kujaribu huku ukisoma, fungua akaunti ya CDS: tangu Agosti 2025 NSE unaweza kununua hata hisa moja, zamani ilikuwa kuanzia 100.