Waya wa Meno Hautelezi Jinsi Tufikirivyo

Neno "msuguano" limechakaa magazetini. Wanasiasa wawili wakikosana, msuguano. Walimu wakivutana na mwajiri wao, msuguano. Katika sayansi, hata hivyo, neno hili lina kazi nzito zaidi. Yamkini hakuna mahali linapoifanya kazi hiyo karibu na mwanafunzi kuliko kinywani mwake mwenyewe, au mwa jirani yake wa dawati aliyetiwa vyuma vya kunyooshea meno.

Mimi ni mwanaisimu, si daktari wa meno. Lakini maandishi ya madaktari hao kuhusu msuguano yamenivutia kwa muda mrefu, maana wao, pamoja na kutafuta vipimo, wamekuwa wakitafuta maneno. Waligundua kwamba kitu walichokuwa wakikiita kwa jina moja kilikuwa vitu vitatu.

Tuuangalie kwanza mtambo wenyewe. Kila jino hugandishwa kidude kidogo cha chuma au cha kauri kiitwacho braketi. Katikati ya braketi pana mfuo, yaani kijifereji chenye upana wa takriban nusu milimita. Waya hupitishwa katika mifuo hiyo kutoka gego la upande huu hadi gego la upande wa pili, kisha hufungwa kwa kipete cha mpira au kiwaya chembamba kinachosokotwa. Mfuo wa pembe nne tuujuao leo ni kazi ya Mmarekani Edward Angle, aliyeuarifu ulimwengu katika miaka ya 1920, muda mfupi kabla ya kifo chake mwaka 1930.

Sasa tuseme jino limeng'olewa ili kupata nafasi, na daktari anataka kuirudisha chonge nyuma iliziba pengo hilo. Huivuta kwa springi au kwa mpira, nayo chonge hutarajiwa kuambaa na waya kama gari moshi juu ya reli. Hapo ndipo msuguano unapoingia.

Mwanafunzi wa fizikia atakumbuka kanuni alizofundishwa kwa kipande cha mbao kilichoburutwa mezani. Guillaume Amontons alizitangaza kule Ufaransa mwaka 1699, na Coulomb akaziendeleza katika karne iliyofuata: msuguano huongezeka kadiri vitu viwili vinavyogandamizwa pamoja, wala hautegemei ukubwa wa eneo vinapogusana. Kwa mujibu wa kanuni hizo, kipete cha mpira ndicho mshukiwa wa kwanza, kwa kuwa ndicho kinachoubana waya ndani ya mfuo.

Lakini jino si kipande cha mbao. Springi huvuta kichwa cha jino, ilhali mzizi umezama mfupani. Kwa hiyo chonge haianzi kwa kuteleza; huanza kwa kuinama. Ikiinama, mfuo hukaa mshazari na kingo zake huung'ata waya. Katika miaka ya 1990 watafiti Robert Kusy na John Whitley wa North Carolina waliupambanua ukinzani huu mara tatu. Upo msuguano wenyewe, ambapo waya bado una nafasi ndani ya mfuo. Upo mkwamo, pale pembe ya mwinamo inapopita kiasi fulani na kingo kuukamata waya. Na lipo pengo, pale ukingo unapouchimba waya hata ukatiwa alama ya kudumu. Hapo mwendo husita kabisa.

Hayo majina ya Kiswahili nimeyachagua mimi, nami nitayatetea. "Msuguano" limebeba kiambishi cha kutendana, -an-: hakuna anayesugua peke yake, viwili husuguana, na ndivyo fizikia isemavyo. "Mkwamo" linatokana na kitenzi chenye -am-, alama ya kauli ya tuli, ile ya vitu vinavyokaa katika hali fulani. Na "pengo" Waswahili hulitumia kwa makali ya kisu yaliyomeguka kama walitumiavyo kwa meno. Wala haya si mapambo ya kiisimu. Safari ya jino, kama wataalamu wanavyoieleza, ni hii: huinama, hukwama, kisha chembehai huula mfupa upande unaogandamizwa na kuujenga upande wa pili, mzizi hufuata, jino husimama, waya huachiliwa, na mchezo huanza tena. Inama, kwama, simama: vyote ni vitenzi vya -am-. Mwendo wote huo, kwa mwezi mzima, aghalabu hauzidi milimita moja. Mtu anayeuita "kuteleza" amechukua neno la barafu akalipa jino.

Yapo mengine yanayopingana na fikira za kawaida. Tungedhani waya wenye mikwaruzo mingi ndio wenye msuguano mkubwa. Si hivyo. Waya wa chuma cha pua (pua hii haihusiani na ile ya kunusia, ingawa huishia jirani yake) ndio laini zaidi na ndio wenye msuguano mdogo. Kwa ukwaruzo, waya wa nikeli na titani, ulioanza kutumiwa kwenye meno katika miaka ya 1970, huushinda hata ule wa titani ya aina iitwayo beta. Hata hivyo ni huu wa mwisho unaosuguana zaidi, kwa sababu madini yake huelekea kushikamana na chuma cha braketi. Nazo braketi za kauri, zinazopendwa na wasiotaka vyuma vyao vionekane, huukinza waya kuliko za chuma.

Kuna jambo la nanga ambalo ningependa walimu wa fizikia walichukue darasani kesho. Ili kuivuta chonge nyuma, ni lazima kitu kingine kivutwe mbele, nacho ni gego. Gego ndilo nanga. Kwa miaka mingi vitabu vilieleza kwamba msuguano ukila sehemu ya nguvu, daktari hulazimika kuongeza nguvu, na ziada hiyo huing'oa nanga. Mwaka 2007 wataalamu watatu wa Iowa walikanusha, na hoja yao haihitaji zaidi ya kanuni ya tatu ya Newton. Msuguano unaoizuia chonge huusukuma waya kwa nyuma kwa kiasi kilekile. Waya nao, maadamu umeshikwa na gego, hulisukuma gego nyuma. Ziada inayolivuta gego mbele hufutwa na msukumo huo. Mwanafunzi aliyekariri kanuni bila kuchora mishale hatalitambua hili, wala si ajabu, kwani hata vitabu havikulitambua.

Hata hivyo daktari hajapona. Msuguano hubadilika siku hadi siku, kwa hiyo hajui ni kiasi gani cha nguvu aliyoiweka kinachoufikia mzizi. Baadhi yao huuepuka kabisa kwa kukunja waya uwe na kitanzi. Kitanzi kinapojifunga, jino na waya husogea pamoja. Dawa hiyo nayo hudai mkono wa fundi hasa.

Wapo pia waliotafuta dawa katika braketi yenyewe. Tangu mwaka 1935 kumekuwa na braketi zenye kilango badala ya kipete. Maabarani, hasa kwa waya mwembamba wa duara, msuguano wake ni mdogo mno, na watengenezaji walitangaza kwamba meno yangenyooka mapema. Lakini majaribio yaliyofanywa kwa wagonjwa, na tathmini zilizoyakusanya kuanzia mwaka 2010, hayakuonyesha kwamba matibabu humalizika upesi zaidi. Sababu tumekwisha iona: kilango huondoa mbano wa kipete, lakini jino likiinama, waya hukwama vilevile. Na mfupa hauna haraka.

Kwa mzazi wa Kenya tofauti hiyo si ya nadharia. Vyuma vya meno ni ghali, na vyenye kilango aghalabu ni ghali zaidi. Mzazi huketi mbele ya daktari, huelezwa kwa Kiingereza cha vitabuni kwamba kifaa hiki hakina msuguano, hutikisa kichwa kwa adabu, kisha hutoka kwenda kutafuta karo mara mbili. Katiba ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, ila madaktari wetu bado hufunzwa kwa Kiingereza pekee, na hakuna aliyewapa neno la "mkwamo". Laiti mzazi huyo angekuwa nalo, angeuliza: "Daktari, msuguano nimekuelewa. Na mkwamo je?" Daktari mwema angelifurahia swali hilo. Jibu lake lingechukua dakika tano, kwa kalamu na karatasi.