Uvimbe wa tezi za mate hausomwi kwa kidole

Mzee wa Ruring'u, viungani mwa mji wa Nyeri, akiota kinundu chini ya sikio, jirani wa kwanza atamwambia ni matubwitubwi. Wa pili atalaumu jino bovu. Wa tatu, kwa sauti ya chini, atataja saratani. Wote watatu wanakisia, na wote wanakiita kinundu hicho kwa neno moja: uvimbe.

Neno hilo limebebeshwa mzigo mzito. Alama ya kuumwa na nyuki ni uvimbe. Jipu ni uvimbe. Na seli zinazozaana bila kiasi nazo ni uvimbe. Maadamu tumezoea kuona kilichovimba kikinywea, mgonjwa hungoja. Isitoshe, uvimbe wa tezi za mate aghalabu hauumi na huweza kukua polepole kwa miaka. Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Tezi kubwa za mate ni jozi tatu: mbele ya masikio, chini ya taya na chini ya ulimi. Kuna pia mamia ya tezi ndogo zilizotapakaa kinywani. Uvimbe mwingi huota katika tezi ya sikioni, na huko takriban mara nne kati ya tano si saratani. Hata hivyo, kadiri tezi inavyokuwa ndogo ndivyo hatari ya saratani inavyozidi. Aina za uvimbe huu zinapita 30, na baadhi hufanana mno hata bingwa hawezi kuzibainisha kwa kupapasa wala kwa picha pekee. Ule unaotokea zaidi si saratani, lakini ukiachwa miaka mingi huweza kugeuka.

Ndiyo sababu tishu yenyewe hupimwa. Kwanza sindano nyembamba hufyonza seli chache, zikapakwa juu ya kioo na kutiwa rangi. Madaktari huepuka kuikata tezi ya sikioni ili kutoa kipande tu, kwa kuwa neva inayoendesha misuli ya uso hupita humo, na seli zikimwagika huweza kuota upya. Tangu 2018 pana utaratibu wa kimataifa uitwao Milan, unaopanga majibu ya sindano katika ngazi sita, kuanzia sampuli isiyotosha hadi saratani dhahiri. Uvimbe ukishaondolewa, tishu huhifadhiwa katika fomalini, hugandishwa ndani ya nta, kisha hukatwa vipande vyembamba kuliko karatasi. Hapo ndipo mwanapatholojia hutoa kauli ya mwisho.

Kauli hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Mwaka 1992 jarida la East African Medical Journal lilichapisha utafiti kuhusu uvimbe wa tezi za mate nchini Kenya, nao pia kwa Kiingereza. Mwanafunzi wetu hujifunza tezi darasani kwa lugha hiyo hiyo, akapasi mtihani, ilhali nyumbani hana neno la kumwambia babu yake. Elimu inayokomea langoni mwa shule haijamfikia mgonjwa.

Walimu wenzangu, wa Kiswahili na wa baiolojia, tuwape vijana maneno matatu badala ya moja: uvimbe wa saratani, uvimbe usio saratani, na uvimbe usiopimwa. Hilo la tatu ndilo muhimu kuliko yote. Humwondolea mgonjwa hofu ya kujihukumia kifo, na pia humnyima kisingizio cha kungoja. Kinundu kisichokwisha baada ya majuma machache, au kinachoambatana na kulegea kwa upande mmoja wa uso, kipelekwe hospitalini bila ajizi. Na mwenye kinundu hicho aingie kwa daktari akiwa na swali moja tayari: tishu yangu itapimwa lini?