Wanuri Kahiu: Filamu iliyofika Cannes ikakwama kwao Nairobi

KABALAGALA, Kampala – Jioni katika mtaa huu wa Barabara ya Ggaba, Kiswahili cha Bunia, cha Nairobi na cha Mwanza hukaa meza moja. Filamu nazo hukutana: za Nigeria, za Kihindi, na za Marekani ambazo mavijei wamezitafsiri kwa Kiganda. Mpakani hakuna anayezidai karatasi. Ila ipo filamu moja ya Kikenya, yenye mbegu kutoka Kampala, ambayo iligeuzwa magendo katika nchi iliyotengenezwa.

Mbegu hiyo ni "Jambula Tree", hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko kuhusu wasichana wawili waliopendana katika nyumba za Nakawa. Mwaka 2007 ilishinda Tuzo ya Caine, naye akawa Mganda wa kwanza kuipata. (Nyumba zenyewe zilibomolewa mwaka 2011, anayepita na mzigo kuelekea Jinja leo hazioni.)

Aliyeichukua hadithi hiyo ni Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1980, aliyesoma Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, kisha akasomea filamu UCLA, Marekani. Hakuwa mgeni kazini. "From a Whisper", iliyohusu bomu la ubalozi wa Marekani Nairobi mwaka 1998, ilimpa tuzo ya mwongozaji bora ya AMAA mwaka 2009. Mwaka huohuo alitoa "Pumzi", filamu ya dakika 20 hivi kuhusu dunia ijayo iliyokaukiwa maji, ambayo ilionyeshwa Sundance mwaka 2010. Hoja yake ni kwamba filamu za Afrika si lazima ziwe za vita, njaa na ukimwi tu. Watu wetu pia wanacheka na kupendana.

"Rafiki" ilitoka katika hoja hiyo. Ina rangi kali, muziki wa Nairobi, na mabinti wawili ambao baba zao wanagombea kiti kimoja cha siasa. Fedha zilichangwa Afrika Kusini na Ulaya, Ufaransa ikiwamo. Mei 2018 ikawa filamu ya kwanza ya Kenya kuteuliwa rasmi katika tamasha la Cannes.

Kabla hata haijaonyeshwa huko, tarehe 27 Aprili, Bodi ya Filamu ya Kenya, chini ya Ezekiel Mutua, iliipiga marufuku kwa madai kwamba inahamasisha usagaji kinyume cha sheria. Wanuri alieleza kuwa bodi ilitaka mwisho ubadilishwe kwa sababu unaacha matumaini. Alikataa.

Wasomaji wengi huenda wakaunga mkono bodi, na Wakenya wengi waliiunga. Lakini mfanyabiashara aangalie pia mambo ya soko. Wanuri alikwenda mahakamani, na tarehe 21 Septemba 2018 Jaji Wilfrida Okwany aliruhusu filamu hiyo ionyeshwe siku saba, kwa watu wazima pekee, ili itimize sharti la kushindania Oscar. Ukumbi wa Prestige, Nairobi, ulijaa, na maonyesho yakaongezwa. Kenya hatimaye ilipeleka "Supa Modo". Siku saba zilipokwisha, mlango ukafungwa, na Aprili 2020 Jaji James Makau akaidumisha marufuku. Wakati huo Samantha Mugatsia, aliyeigiza Kena, alikuwa tayari ametwaa tuzo ya mwigizaji bora wa kike FESPACO, Ouagadougou, mwaka 2019.

Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, lakini kila nchi ina chombo chake cha kukagua filamu, na kibali cha Nairobi hakimfungi mtu wa Kampala wala wa Dar es Salaam. Nyanya zina njia nyepesi kuliko hadithi. Na upande huu wa mpaka mambo ni mazito zaidi: sheria ya Uganda ya mwaka 2023 inaweka kifungo cha hadi miaka 20 kwa anayehamasisha mapenzi ya jinsia moja. Mwenye kibanda cha video Kabalagala hawezi kucheza na hilo kwa sababu ya kiingilio cha shilingi chache.

Wanuri hakukaa kungoja. Agosti 2022 Netflix ilitoa "Look Both Ways", filamu yake iliyochezwa na Lili Reinhart. Hiyo unaweza kuitazama Kabalagala bila kufunga mlango: inahusu msichana wa Texas.