Noti Kwanza, Uzi Baadaye: Kuchagua Tuni na Nyuzi za Gitaa la Besi

Gitaa la besi linalosikika leo katika bendi nyingi za dansi, kwaya na vikundi vya injili limerithi kipimo chake kutoka kwa Leo Fender, mtengenezaji wa ala wa California, Marekani, ambaye mwaka 1951 alitoa besi lake la Precision lenye nyuzi zinazotetemeka kwa urefu wa inchi 34, yaani sentimita 86.4. Urefu huo, unaopimwa kutoka kwenye kipande chenye mifereji kilicho mwisho wa shingo hadi kwenye daraja linaloshikilia nyuzi upande wa pili, huitwa skeli, na besi la inchi 34 huhesabiwa kuwa la skeli ndefu, tofauti na yale ya inchi 30 kama Höfner 500/1 aliyoipatia umaarufu Paul McCartney. Wapigaji wengi huanza kwa kuuliza ni nyuzi zipi zilizo bora, kisha ndipo hufikiria namna ya kuzituni, ilhali swali la pili ndilo linalopaswa kutangulia, kwa kuwa hakuna uzi ulio bora pasipo kujulikana noti utakayobebeshwa.

Kanuni inayotawala jambo hili iliandikwa na mtawa Mfaransa, Marin Mersenne, mwaka 1636: sauti ya uzi hutokana na urefu wake, mkazo wake, na uzito wake kwa kila kipande cha urefu. Uzi ukirefushwa au ukiongezwa uzito sauti hushuka, na ukikazwa sauti hupanda. Lakini uhusiano wa mkazo na sauti si wa moja kwa moja, kwani ili noti ipande kwa oktavu moja mkazo hauna budi kuongezwa mara 4. Kinyume chake pia ni kweli, na hapo ndipo matatizo ya besi yanapoanzia, kwa sababu hata ushushaji mdogo wa sauti hulegeza uzi kuliko mpigaji anavyotarajia.

Katika tuni ya kawaida nyuzi 4 za besi ni E, A, D na G, ambazo hutetemeka takriban mara 41, 55, 73 na 98 kwa sekunde. Seti inayotumika sana kwa tuni hiyo ina nyuzi zenye unene wa 105, 85, 65 na 45, hesabu ambayo ni ya sehemu za elfu za inchi, kwa hiyo uzi mnene kuliko yote hukaribia milimita 2.7. Mpigaji anaposhusha uzi wa E hadi D ili apate noti nzito zaidi, mkazo wake hupungua kwa takriban moja ya tano. Uzi bado hupigika, ila huyumba zaidi na huweza kugonga freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni. Uzi huohuo ukishushwa hadi B, inayotetemeka mara 31 hivi kwa sekunde, hubakiwa na zaidi kidogo ya nusu ya mkazo wake, na sauti yake haieleweki tena. Ndiyo maana besi la nyuzi 5, linalopendwa sana katika muziki wa injili, huwekewa uzi wa B wenye unene wa 130 au 135.

Hata hivyo unene peke yake si dawa. Uzi mnene huwa mgumu kupinda, na ugumu huo huzipandisha kidogo kupita mahali pake zile sauti za juu zinazoambatana na kila noti, kiasi kwamba noti iliyotuniwa vizuri husikika kana kwamba imepotoka. Madhara haya ni makubwa kwa besi kuliko inavyodhaniwa, kwa maana spika nyingi ndogo haziwezi kutoa mtetemo wa mara 31 kwa sekunde, na sikio huitambua noti hiyo kwa kusikiliza hizo sauti za juu. Watengenezaji hupunguza ugumu kwa kuweka kiini chembamba cha chuma katikati na kukizungushia waya unaoongeza uzito bila kuuzuia uzi kupinda. Skeli ndefu nayo husaidia: kwa uzi uleule na noti ileile, besi la inchi 35 huwa na mkazo zaidi kwa asilimia 6 kuliko la inchi 34. Faida hiyo ni ya kweli lakini ni ndogo, na uzi wa B uliotengenezwa kwa uangalifu una thamani kubwa kuliko inchi moja ya ziada.

Kuhusu umbo la waya wa nje, ule wa mviringo hutoa sauti kali na yenye kung'aa, kama ile aliyoitafuta John Entwistle, mpigaji besi wa bendi ya The Who, aliposhirikiana na kampuni ya nyuzi ya Rotosound katika miaka ya 1960, na ule bapa hutoa sauti laini iliyotulia, ambayo mpigaji besi James Jamerson aliijengea msingi wa nyimbo za kampuni ya rekodi ya Motown mjini Detroit. Katika miji ya pwani, ambako hewa ya chumvi na jasho la vidole huziharibu nyuzi upesi, waya bapa una faida nyingine, kwani hauna mabonde mengi ya kuhifadhi uchafu.

Anayebadili unene au tuni asiishie kwenye kufunga nyuzi. Mifereji ya mwisho wa shingo huenda ikahitaji kupanuliwa ili uzi mnene ukae chini kabisa, na fimbo ya chuma iliyo ndani ya shingo huenda ikahitaji kurekebishwa kwa kuwa mvuto wa nyuzi umebadilika. Baada ya hapo noti ya freti ya 12 hulinganishwa na ile inayotoka uzi unapoguswa tu juu ya freti hiyo bila kubanwa. Iliyobanwa ikiwa juu zaidi, kikalio cha uzi kwenye daraja husogezwa nyuma, na ikiwa chini, husogezwa mbele, hadi noti hizo mbili zilingane.