Ya Moto au ya Baridi? Bia Zilizoshika Rekodi

Mhudumu wa baa akishafuta meza, swali lake ni hilo. Mgeni aliyetoka mbali hushtuka, akidhani kuna bia inayobandikwa jikoni. Kumbe "ya moto" ni ile iliyotoka kwenye kreti, haijaona friji. Kwenye baa ninayokaa mimi hapa Moshi kuna mzee mmoja, dereva mstaafu wa malori, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kuagiza ya baridi. Bia ya Safari moja, ya moto, na glasi. Tulikuwa tunamcheka sana. Nitarudi kwake.

Pale pale ndipo tunapobishania bia ipi kali kuliko zote, na ubishi wa namna hiyo una heshima zake. Mwaka 1951 Sir Hugh Beaver, mkurugenzi wa kiwanda cha Guinness, alikuwa akiwinda ndege huko Ireland. Akamkosa mmoja kwa risasi, kisha akabishana na wenzake kama huyo ndiye ndege wa kuwindwa mwenye mbio kuliko wote Ulaya. Hakukuwa na kitabu cha kuwaamua. Akaona kwamba walevi wa baa zote za Uingereza na Ireland wana shida hiyo hiyo kila usiku, na mwaka 1955 kitabu cha rekodi cha Guinness kikatoka. Kwa hiyo rekodi zote, hadi za kucha ndefu, ni watoto wa bia.

Tuanze na ukali, maana ndiko kila mtu anakokimbilia. Laga zetu nyingi ziko kati ya asilimia 4 na 6 za kileo. Mwaka 2009 na 2010 viwanda viwili vidogo, BrewDog cha Scotland na Schorschbräu cha Ujerumani, viliingia kwenye mashindano yaliyokuwa kama ya watoto wanaorushiana mawe. Mjerumani akafika 31, Mskoti 32. Mjerumani 40, Mskoti 41. Mjerumani 43, Mskoti akaruka hadi 55. Ujanja wenyewe hauhitaji digrii. Maji huganda kwenye nyuzi sifuri, kileo huganda chini kabisa, nyuzi 114 chini ya sifuri. Ukiigandisha bia na kuondoa barafu, umetoa maji na kubakiza kileo. Ile ya asilimia 32 BrewDog waliigandishia kwenye kiwanda cha aiskrimu. Ile ya 55 ilitoka chupa 12 tu, kila moja imevishwa mnyama aliyekaushwa, wakiwemo kindi, na bei ikaanzia pauni 500.

Mwaka 2013 wakaja Waskoti wengine, Brewmeister, na Snake Venom ya asilimia 67.5. Konyagi ni 35. Sasa unajiuliza: kitu chenye kileo karibu mara mbili ya Konyagi bado ni bia? Wengi wanakataa, na mimi niko upande wao. Ukitaka ubingwa wa halali, tafuta Samuel Adams Utopias ya Marekani, asilimia 28 hivi, iliyopandishwa na hamira yenyewe na kukaa kwenye mapipa ya mbao bila kugandishwa. Haina povu wala gesi, hunywewa kidogo kidogo kama mvinyo. Na haiwekwi kwenye barafu. Mzee wangu angeielewa.

Uchungu nao una wafalme wake. Wadenmark wa Mikkeller walitoa bia wakaiita 1000 IBU, yaani vipimo elfu moja vya uchungu, wakati laga ya kawaida haifiki 30. Lakini ulimi wa binadamu huacha kutofautisha ukishapita 100 na kidogo. Ni sawa na kuweka pilipili kumi kwenye supu ambayo ya pili tu ilishakutoa machozi.

Kwa ukongwe, Weihenstephan cha Bavaria kinajitangaza kuwa kiwanda cha bia kilichodumu kuliko vyote, kikihesabu tangu 1040. Wamisri wangetabasamu. Mwaka 2021 wachimbaji walitangaza kiwanda kilichofukiwa Abydos, cha miaka 5,000 hivi iliyopita, kilichoweza kutoa lita 22,400 kwa mpigo mmoja. Na jirani zangu hapa Kilimanjaro wanapika mbege ya ndizi mbivu, kimea cha ulezi na gome la msesewe, na hakuna aliyeandika walianza lini. Mbege haina kombe lolote kwa sababu haisafiri. Leo tamu, keshokutwa imechacha. Ningeipa rekodi ya bia yenye maisha mafupi kuliko zote, na naisema hiyo kama sifa.

Wanywaji wakubwa ni Wacheki, zaidi ya lita 120 kwa kila mtu kwa mwaka ukihesabu na watoto wachanga, na wameshika nafasi hiyo kwa miongo. Kwao ndiko ilikozaliwa bia iliyoigwa kuliko zote. Mwaka 1838 watu wa mji wa Plzeň walichoshwa na bia mbovu hadi wakamwaga mapipa hadharani. Wakamleta mpishi kutoka Bavaria, Josef Groll, na mwaka 1842 akawatolea bia ya rangi ya dhahabu, inayoonyesha vidole vyako upande wa pili wa glasi. Karibu kila laga ya rangi hiyo unayoinywa leo, iwe Kilimanjaro, Tusker au Primus ya Kongo, ni mjukuu wake. Tusker, yaani tembo mwenye pembe, ina jina lenye msiba: mmoja wa ndugu waliokianzisha kiwanda chake mwaka 1922 aliuawa na tembo mwaka uliofuata.

Kwa uadimu, iliyosifika ni Westvleteren 12 ya watawa wa Sint-Sixtus, Ubelgiji. Kwa miaka mingi chupa haikuwa na lebo, kila kitu kiliandikwa kwenye kizibo. Ili uipate, ulipiga simu, ukataja namba ya gari lako, ukapangiwa siku ya kuchukua kreti zako, ukaambiwa usiende kuuza. Wangeweza kupika zaidi. Hawataki, wanapika ya kuwatosha kuishi. Mara moja tu, mwaka 2012, waliiuza hadi Marekani ili kulipia matengenezo ya abasia yao.

Sasa, bia ya nje si lazima iishinde ya hapa nyumbani. Nilinunua chupa ya kijani kutoka Ulaya kwenye duka moja kubwa, kwa bei ya Kilimanjaro tatu. Ilikuwa imepangwa karibu na dirisha. Kuifungua tu, kicheche! Mwanga wa jua ukipenya, uchungu wa maua ya hopsi huvunjika na kutoa harufu hiyo hasa. Kioo cha kahawia kinazuia, cha kijani hakizuii sana. Kilimanjaro ya pembeni, changa na ndani ya kahawia, iliipiga bao bila kutoka jasho. Kanuni yangu toka siku hiyo: bia nyepesi na zile za hopsi nyingi nunua za karibu na mpya, kutoka mbali leta nyeusi nzito, zinavumilia safari.

Ndiyo maana rafiki yangu aliporudi likizo alibeba Chimay ya bluu, asilimia 9. Tuliitoa kwenye friji, tukaigawa glasi nne. Tukasikia sukari na kileo, basi. Tukaanza kumcheka rafiki na mzigo wake. Mzee hakugusa ya kwake. Aliiacha pembeni akimalizia Safari. Nusu saa baadaye akainusa, akaonja, akanisogezea glasi. Zabibu kavu, ganda la mkate ulioiva sana, ndizi iliyoanza kuwa nyeusi. Ilikuwa chupa ile ile.

"Mliigandisha midomo, vijana," akasema, akamwita mhudumu. "Mama, ongeza Safari moja."

Mhudumu hakuuliza.